Hitilafu ya Ardhi

S.L.P. ya Ushirika,
Babati.
14 Novemba 1988

Mdogo wangu Xavery,

Salamu nyingi kutoka Bagara. Sisi hatujambo, ila mama magoti yanamsumbua tangu mvua zianze. Kila asubuhi anauliza kama wewe na wifi Zena mmepata mtoto au bado mnapanga. Namwambia bado mnapanga. Antonia anashukuru kwamba mjomba wake alikuja kwenye kipaimara chake, na mimi nashukuru kwamba mjomba alifika kwake salama, maana lile Land Rover la karakana yenu lilivyogoma kuwaka Jumapili ile, mama alishaanza kukutafutia nauli ya basi. Jumatatu tukaamka umeondoka. Hukuaga hata mbwa. Hapa sabuni zimejaa madukani. Zamani tulikuwa na pesa, sabuni hakuna. Sasa sabuni zipo, pesa zimekwenda likizo.

Jambo lenyewe ni hili. Kijiko kimegoma. Ni ule ule mtambo wa kuchimbia mfereji wa Maisaka, ambao ushirika uliununua kwa wale Wazungu waliomaliza barabara wakarudi kwao. Tangu wiki ile ya kipaimara, injini inawaka, inanguruma, inatoa moshi, lakini mkono haunyanyuki hata ukiubembeleza. Mbele ya dereva kuna taa nyekundu inayokonyeza mara tatu, inapumzika, halafu inakonyeza mara moja. Hivyo hivyo kutwa nzima.

Kamati imekaa. Kikao cha kwanza waliazimia kwamba taa ndiyo inayosumbua, na mwenyekiti Konstantini akabandika plasta ya kidonda juu yake. Taa haikukonyeza tena watu, na kijiko hakikuinuka. Kikao cha pili waliazimia kwamba dereva ndiye anayesumbua. Dereva ni shemeji yako Eliakunda, kama umesahau. Wanasema mtu aliyetoka Upare hawezi kuwa na uchungu na mfereji wetu. Miaka kumi na miwili ameishi hapa, amezaa hapa, lakini kijiko kikigoma anarudi kuwa mtu wa kuja. Wanatamka neno hujuma. Konstantini amempa mpaka sikukuu ya Krismasi: mkono unyanyuke, au akajieleze polisi.

Wewe ndiye uliyepelekwa ng'ambo miezi sita kusomea mitambo ya umeme. Mama huwaambia watu miaka sita, na sijamsahihisha. Tuambie hiyo taa inasema nini. Na kama siku ile Konstantini alipokupeleka kukiona uligundua jambo lolote, sema.

Andika kwa sanduku hili hili, jingine hatuna. Katibu Anselimu hufungua barua za watu wote kwanza. Anasema gundi ya siku hizi haishiki.

Dada yako,
Hilaria, Mama Antonia


Dar es Salaam,
9 Desemba 1988

Dada yangu mpendwa Hilaria,

Shikamoo. Mshikie mama miguu kwa niaba yangu. Sisi huku tu wazima, Zena anakusalimu. Joto ni kali, kazi ni nyingi, na mkuu wa karakana hawezi kuamua jambo bila kuniita.

Barua yako ilinichekesha mpaka Zena akaja kuuliza nani amefika. Plasta! Yaani mtambo wenye ubongo wa umeme unawaeleza ugonjwa wake kwa adabu zote, nanyi mnaufunika mdomo. Naomba kamati ielewe kwamba mitambo ya kisasa haipigwi nyundo wala haitishwi. Ina kompyuta ndogo ndani inayojipima yenyewe. Ikiona kasoro inazuia mkono usifanye kazi, na inataja kasoro hiyo kwa kukonyeza. Kukonyeza mara tatu kisha mara moja ni alama ya thelathini na moja. Kitabu chake ninacho hapa mezani. Cha kwenu najua kurasa zake mlishafungia karanga.

Alama ya thelathini na moja maana yake ni HITILAFU YA ARDHI. Nimeitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili fasaha, ili wajumbe wasipate taabu. Rekebisheni ardhi, mkono utanyanyuka. Ni jambo dogo.

Kuhusu siku ile, mimi sikuugusa mtambo. Nilikuwa na suti ya kanisani, nikasimama mbali na kuutazama tu.

Msalimie shemeji. Mwambie asiogope maneno ya vikao.

Mdogo wako,
Xavery


Babati,
2 Januari 1989

Mdogo wangu Xavery,

Marahaba. Mama amezipokea salamu, magoti ni yale yale. Mahindi ya Maisaka yameota vizuri, na hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu mfereji umeishia nusu, na masika yakija maji yote yatatafuta pa kulala shambani mwetu. Krismasi tulikula kondoo. Usitufurahie kwanza, ngoja nikueleze kondoo alitoka wapi.

Barua yako ilisomwa na Anselimu kabla sijaiona, kama kawaida. Alipofika penye hitilafu ya ardhi, alikimbia nayo kwa Konstantini bila hata kuvaa kofia. Jioni kamati ikakaa. Wakasema, mnaona, hata mtaalamu wa Dar es Salaam amegundua kwamba ardhi ina kosa. Wazee wawili wakakumbusha kwamba mfereji umekata pale penye chemchemi ya zamani, na wenye maji, mizimu ya pale, hawakuombwa ruhusa. Konstantini, huyo huyo anayepitisha kikapu cha sadaka kila Jumapili, akasema basi atafutwe kondoo mweusi. Mweusi hakupatikana. Alipatikana wa kahawia mwenye kichwa cheusi, na Anselimu akaandika kwenye muhtasari kwamba ni mweusi kwa kiasi cha kuridhisha.

Wakamchinja kando ya kijiko. Wakanyunyizia tairi za mnyororo ule uchafu wa tumboni mwa kondoo, wakaomba, mmoja akaomba kwa lugha ya nyumbani na mwingine akamalizia kwa Baba Yetu ili upande wowote usipungukiwe. Kisha wakawasha. Injini ikanguruma, moshi ukatoka, mkono ukalala pale pale. Taa ilikuwa inakonyeza chini ya plasta, tuliiona inapenya. Siku ya Krismasi padre alihubiri juu ya watu wanaotumikia mabwana wawili. Hakutaja jina, lakini kanisa zima liligeuza shingo upande alikokaa Konstantini.

Sisi tuliletewa shingo, ya kondoo sasa. Tukala, kwa sababu nyama haina kosa.

Kisha wakaazimia kwamba ardhi imekataa kondoo kwa sababu yupo mtu aliyeichafua, na mtu huyo wanamjua. Salamu zako kwa shemeji yako nitazifikisha Jumamosi, ndiyo siku ninayoruhusiwa. Zaidi ya hapo sitaandika, maana barua hii nayo nadhani itasomewa wengi huko njiani.

Sasa wewe mwenye kitabu mezani, ardhi gani? Ya wapi? Tuonyeshe kwa kidole.

Dada yako,
Hilaria


Dar es Salaam,
28 Januari 1989

Dada yangu Hilaria,

Shikamoo. Mama apakwe mafuta ya moto kwenye magoti. Zena anakusalimu, alikuwa na malaria lakini sasa ni mzima.

Barua hii isomwe mbele ya kamati yote, na Anselimu asome polepole. Ndugu wajumbe, nimefadhaika. Mwaka 1989, watu wazima, wengine walifika darasa la nane la zamani, wanachinjia kompyuta kondoo! Ardhi niliyoitaja si udongo. Ni waya wa ardhi, ule ambao mafundi wa mitaani huuita athi. Mimi sikutumia neno hilo kwa sababu si Kiswahili.

Sikilizeni sasa. Nyuma ya kiti cha dereva kuna zulia la mpira. Lifunueni. Chini yake kuna bati lililokazwa kwa boliti nne. Ile ya nyuma kushoto imeliwa kichwa, spana haitashika, kwa hiyo tumieni plaizi na mzungushe taratibu. Mkiinua bati mtaona kisanduku cheusi. Ndio huo ubongo. Kutoka hapo panatakiwa kuwe na waya mnene uliosukwa kwa nyuzi za shaba, unaokwenda kufungwa kwenye bodi ya mtambo. Waya huo usipokuwepo, injini itawaka kwa sababu betri ina waya wake, lakini ubongo hautamwamini mtu, na mkono utazuiwa.

Kwa kuwa shemeji yuko ndani, tafuteni mtu mwingine mwenye mikono mitulivu afungue.

Na mkikuta waya haupo, msishangae. Shaba ina soko siku hizi. Mara nyingi anayejua ulipo ni yule anayeshinda na mtambo. Simtaji mtu.

Ndimi mdogo wako na mshauri wenu,
Xavery


Babati,
16 Februari 1989

Xavery,

Marahaba. Mama hajambo. Antonia amerudi shule. Barua hii sikuipitisha sandukuni. Nimempa kondakta wa basi la Arusha, yeye atampa mwenzake wa basi la Dar es Salaam, akuletee mkononi. Kwa hiyo tuko peke yetu.

Yako ilisomwa, na ilisomwa polepole kama ulivyoagiza. Anselimu aliirudia mara mbili kwa jinsi alivyopenda Kiswahili chake. Kisha tukaandamana wote mpaka kwenye kijiko. Zulia lilikuwepo. Bati lilikuwepo. Boliti ya nyuma kushoto ilikuwa imeliwa kichwa, spana ikateleza, wakatumia plaizi na kuzungusha taratibu. Waya haukuwepo. Palibaki sehemu mbili zinazong'aa ulipokuwa umefungwa. Konstantini akawageukia watu akasema, mmesikia, shemeji yake mwenyewe amethibitisha kwamba mwizi ni dereva. Wakakupigia makofi, Xavery. Wakampigia makofi mtu wa Dar es Salaam, na mimi nimesimama pale kama mzigo uliosahauliwa na basi.

Jumamosi nilimuuliza Eliakunda. Aliniambia lile bati halijawahi kufunguliwa tangu kijiko kije. Boliti zake zilipakwa rangi pamoja na bati na wale Wazungu, na rangi haikuwa imepasuka. Alilifagia yeye mwenyewe asubuhi ya kipaimara, kwa sababu uliahidi kuja kuona, na alitaka usimcheke.

Nina swali moja tu. Uliyesimama mbali na suti ya kanisani, ulijuaje kwamba boliti ya nyuma kushoto imeliwa kichwa?

Usinijibu. Najua. Land Rover lenu liligoma Jumapili na likawaka Jumatatu kabla ya jogoo. Vipuri hakuna Arusha, hakuna Moshi, wala huko kwenu hakuna. Ulihitaji waya wa shaba urudi kazini usigombezwe, basi. Ungeomba, wangekunyima, lakini ungekuwa umeomba. Na hata ulipochukua, Novemba nilipokuandikia ungesema. Badala yake umetuletea Kiswahili fasaha, na mume wangu analala kwenye sakafu ya mahabusu akikohoa.

Sijasema neno kwa mtu, kwa ajili ya mama. Nataka vitu viwili mpaka katikati ya Machi: waya uje, na barua ije kwa kamati yenye jina lako chini, ikisema nani aliutoa. Nikipata kimoja bila kingine nitafanya nitakaloona.

Hilaria


Dar es Salaam,
3 Machi 1989

Dada yangu mpenzi, dada yangu wa pekee,

Shikamoo, shikamoo tena. Natumaini mama anaendelea vizuri, namwombea kila siku. Zena amelia aliposikia habari za shemeji.

Dada, maneno yako yalikuwa mazito, lakini mimi si mtu wa kukasirika. Kwa bahati nzuri nimefanikiwa kupata waya unaofanana kabisa na huo uliopotea. Nimeuzungushia gazeti na kuuweka ndani ya kopo la maziwa ya unga. Atakukabidhi kondakta yule yule. Hakuna haja ya kuuliza nimeupata wapi, mjini vitu hupatikana.

Kuhusu barua kwa kamati, tufikiri kama watu wazima. Mimi nina cheo kinachokuja mwezi wa Julai. Jina likichafuka haliwezi kufuliwa. Shemeji yeye ni dereva tu, watu watasahau. Nakushauri uuweke waya kwenye nyasi karibu na kijiko, halafu mtu auokote. Isemwe kwamba ni watoto waliouchezea. Kila mtu atafurahi na hakuna atakayeumia.

Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Usiniangushe leo.

Mdogo wako akupendaye,
Xavery


Babati,
19 Machi 1989

Xavery,

Marahaba. Sisi ni wazima, na mvua zimeanza kwa fujo.

Kopo lilifika. Sikuuweka waya kwenye nyasi. Niliupeleka kwenye kikao nikauweka juu ya meza, pamoja na barua yako ya Machi, na nikamwomba Anselimu asome polepole. Alisoma. Kisha Anselimu mwenyewe, bila kuulizwa, akasema anakumbuka barua ya Desemba yenye suti ya kanisani, na ile ya Januari yenye boliti, kwa sababu zote alizisoma yeye kabla yangu. Akazitamka karibu neno kwa neno. Kwa mara ya kwanza maishani nimeiona faida ya gundi mbaya. Waliokupigia makofi Februari walikuwa wamekaa pale pale, kila mmoja anatazama viatu vya mwenzake. Konstantini alisema yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na watu wa Dar es Salaam. Nikamwuliza wasiwasi huo aliubandika plasta gani. Akafunga kikao kwa sala.

Alhamisi walimtoa Eliakunda. Hakuna aliyemwomba radhi. Walimwomba awahi kufunga waya, kwa sababu maji yameshafika kwenye mahindi. Aliufunga, taa ikazimika, mkono ukanyanyuka, watu wakashangilia kijiko. Alichimba mpaka giza bila kumsalimu mtu, akarudi nyumbani, akala ugali amesimama, ameushika mkononi. Sasa anakaa na uso umeelekea mlangoni. Mtu akipita nje anaacha kutafuna. Anakohoa. Robo tatu ya shamba letu imekwenda na maji, kwa sababu mfereji uliochelewa miezi mitano haukumalizika kwa siku mbili.

Kamati imemwandikia mkuu wa karakana yenu. Anselimu alitaka nimsahihishie Kiswahili. Nilimwambia aandike athi.

Usifikiri ilikuwa rahisi kwangu. Nilikubeba mgongoni kweli, na ulikuwa mzito, na nilikuwa nakuimbia. Nimekukasirikia, na bado nakupenda, na hilo linanikasirisha kuliko waya. Lakini uliponiandikia kwamba Eliakunda ni dereva tu, ulinirahisishia kazi.

Jambo la mwisho ni la mama. Unajua hasomi. Barua zako zote tangu uondoke nyumbani nimekuwa nikimsomea mimi, na unachokisikia akikisifu ni kile nilichomsomea. Mwaka juzi ulipoandika kwamba kazi zimekubana huwezi kuja kumzika shangazi, halafu chini yake ukanisimulia ulivyocheza kwenye harusi ya Moshi wiki ile ile, ile harusi niliiruka. Nimekurukia mengi. Nilikuwa nakutengenezea mtoto wa kumpendeza.

Juzi alisikia maneno kwa majirani, akaniita, akataka nimsomee ya Januari na ya Machi. Nilimsomea. Sikuruka hata mstari. Kwenye kondoo alicheka kidogo. Kwenye boliti aliacha kucheka. Nilipofika uliposema kwamba shemeji yuko ndani, aliinua mkono.

"Mlimwandikia kwamba amefungwa?"

"Si kwa wazi, mama. Niliandika tu kwamba naruhusiwa kumwona Jumamosi."

"Rudia hapo."

Nikarudia hapo, mpaka kwenye yule anayeshinda na mtambo.

"Kwa hiyo alijua yuko ndani, na bado akaandika hivyo," akasema. Akaomba nimshike mkono aende kulala, na jua lilikuwa bado juu.

Hajakulaani, kama unaogopa hilo. Anakutaja vizuri tu kila siku. Ila hasemi tena mwanangu. Anasema, yule ndugu yako.

Hilaria